Birika halina undugu na baraka

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "birika" limetokana na "baraka", eti chai ni baraka ya nyumba. Ni kweli? Na mbona bibi yangu huita birika pale msikitini panapotawadhiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ujumbe huo nimeletewa mpaka nimechoka.

Birika la chai ni ibriq la Kiarabu, na Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi: ab ni maji, riz ni kumimina. Wala si ugunduzi wa juzi. Mwanachuoni wa Kiislamu As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alilitaja katika maneno ya Qur'ani yanayosemwa kuwa na asili ya kigeni. Wingi wake, abariq, umo katika Suratul Waqi'a, aya ya 18. Sisi tukaidondosha i ya mwanzo, tukapachika nyingine kati ya b na r, tukafunga kwa irabu.

La bibi yako ni neno jingine kabisa: birka, yaani hodhi la maji. Yamegongana tu matamshi, na yote mawili wingi wake ni mabirika. Kamusi makini huyapa vidahizo viwili, yaani kila moja huorodheshwa peke yake.

Kinachoniudhi ni kwamba hao wazushi wangesema habari ya hodhi, wangekuwa na pa kushika, maana birka na baraka zina mzizi mmoja wa Kiarabu, yaani konsonanti b-r-k. Wao wameng'ang'ania la chai, ambalo huishia kwa qaf, si kaf! Kiswahili kimezifanya herufi hizo mbili k moja, basi asiyerudi kwenye maandishi ya Kiarabu haoni tofauti. Hata ukililazimisha mzizi wa Kiarabu, b-r-q inakupeleka kwenye barq, umeme wa radi. Kwa hesabu hiyo birika la umeme ndilo lenye nasaba safi.

Kesho mtaambiwa meza imeitwa meza kwa kuwa ndipo tunapomezea chakula. Ni mesa ya Kireno, kama pipa na kopo vilivyo vyao. Anayekuletea asili ya neno muulize: limetoka lugha gani, huko liliandikwaje, na sauti zimebadilikaje njiani? Akikujibu "si unaona yanafanana", usimsambazie.