Siku ya Mgao ni Ipi? Maswali yenu kuhusu mashirika na kauli moja

Barua nilizopokea majuma haya zimeelekea upande mmoja: mashirika ya misaada na maendeleo yanayofanya kazi Lamu na Malindi, na jinsi yanavyosema na watu. Kazi hiyo ya kuyakutanisha ili yaseme kwa pamoja nimeifanya miaka mingi, kwa hivyo nitajibu kwa niliyoyaona. Barua nimezifupisha.

Assalamu alaikum Mwalimu. Shirika moja lilituita usajili wa fedha za ukame Jumatatu, Faza. La pili likasema ni Jumatano, Kizingitini. Nilipofika Jumatano, ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba usajili umefungwa. Nimelipa nauli ya boti mara mbili. Hawa watu hawajuani? – Mama wa watoto wanne, Ndau

Waalaikumu salaam, mama yangu. Wanajuana vizuri, na ndiyo maana barua yako imeniuma. Kaunti zetu za nyanda kame zina kamati ya uongozi ambayo wenyeviti wake ni gavana na kamishna wa kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame ndiyo inayoshika ukatibu. Mashirika huketi humo. Kila mwezi mamlaka hiyo hutoa taarifa ya hali ya ukame: tumo katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au tunaanza kupata nafuu. Kwa hivyo habari wanayo, tena ni moja. Wanachokosa ni makubaliano ya nani atatoka nje kuisema, lini, na kwa maneno gani. Kila afisa huondoka mkutanoni na daftari lake, akifika ofisini anatuma ujumbe wake.

Nilikuwemo katika kosa kama hilo. Ni wakati wa ukame ule ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakatika misimu mitano mfululizo. Tulikaa siku nzima tukagawana vijiji: wewe huku, mimi kule. Tulidhani kazi imekwisha. Wiki iliyofuata, gatini, mama mmoja wa makamo alinishika mkono akaniambia, "Nyinyi mna boti, sisi tuna nauli." Hakuongeza neno. Nilimwelewa: sisi tukivurugana siku, anayelipa ni yeye. Usiku ule sikulala vizuri.

Baada ya hapo tulianza kuandika karatasi moja kabla ya kila usajili. Ukurasa mmoja, mambo matano: anayesajiliwa ni nani, wapi, siku gani, aje na nini, na akikosa amwone nani. Hakuna shirika lililoruhusiwa kutuma ujumbe mpaka wote wameukubali ukurasa ule. Siku ikibadilika, mwenye kubadilisha ndiye anayewajibika kumpata chifu, wazee wa kijiji na redio siku iyo hiyo, tena kabla ya boti za asubuhi kuondoka. Haikuwa kazi kubwa. Ugumu ulikuwa kumshawishi mkubwa wa shirika asubiri saa ishirini na nne ndipo atangaze.

Wewe nenda kwa chifu, mwombe akuonyeshe orodha na tarehe kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya mwaka 2016 inayoeleza utaratibu wake. Na mambo ya nauli yasemeni kwenye baraza, mbele ya mashirika yote kwa pamoja. Likisemwa kwa shirika moja, hilo litajibu kwamba kosa ni la jingine.

Mimi ni afisa mawasiliano mgeni kazini. Tuko mashirika matano katika mradi mmoja wa maji. Bango limechukua wiki sita kwa sababu kila mmoja anataka nembo yake iwe ya kwanza, tena kubwa. Nifanyeje? – Mokowe

Pole, mwanangu. Wakubwa wako si watu wa majivuno tu. Mikataba mingi ya ufadhili ina sharti kwamba nembo ya mfadhili ionekane, na afisa asiyelitimiza huulizwa. Tenganisha basi wasomaji wawili. Bango la kisimani ni la mtu anayechota maji. Liandike maji yanafunguliwa saa ngapi, bei ya mtungi ni ngapi, na bomba likiharibika apigiwe nani. Nembo ya kaunti inatosha, kwa kuwa kaunti ndiyo itakayobaki na kisima baada ya nyinyi kuondoka. Nembo zote tano ziweke kwenye ripoti, kwenye picha za uzinduzi na kwenye barua ya wafadhili, kwa mpangilio wa alfabeti. Alfabeti haina bosi.

Kama wakubwa wako wanahitaji mfano, wape huu. Uingereza tangu 1963 kuna kamati ya dharura inayounganisha mashirika makubwa ya misaada, Disasters Emergency Committee. Janga kubwa likitokea, mashirika yaliyomo huomba michango kwa sauti moja na nambari moja ya simu, kisha fedha hugawanywa kwa utaratibu waliokubaliana mapema. Ni washindani hao, kila mmoja ana wafadhili wake, na bado wameweza. Wameweza kwa sababu kanuni ya kugawana iliandikwa siku ambayo hapakuwa na janga.

Naomba unieleze kwa ufupi tofauti ya mawasiliano na uraghibishi. Mwalimu wetu chuoni anayataja pamoja. – Mwanafunzi, Malindi

Mawasiliano humfikishia mtu habari. Uraghibishi humtaka mwenye madaraka abadilishe jambo: sheria, bajeti, desturi. Ukimwambia mama siku ya chanjo, umewasiliana. Ukimtaka gavana atenge fedha za boti ya chanjo, unaraghibisha.

Uraghibishi wa pamoja una mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1992 mashirika sita yalianzisha kampeni ya kimataifa ya kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Hayakuungana kuwa shirika moja, wala hayakulazimishana kufanana. Mengine yalitoa miguu ya bandia, mengine yalitegua mabomu, mengine yalikuwa ya haki za binadamu. Walikubaliana juu ya dai moja lisilo na mlango wa nyuma: marufuku kamili. Hakuna aliyeruhusiwa kudai nusu yake. Miaka mitano baadaye, Desemba 1997, mkataba ulitiwa saini Ottawa, na mwaka huo huo kampeni ilipata tuzo ya Nobel ya amani. Ukiulizwa kwenye mtihani kwa nini walifaulu, anza na lile dai moja.

Mwalimu, huletewa karatasi nisome baada ya sala ya Ijumaa. Juzi ilikuwa ya chanjo. Kiswahili chake hakuna anayekisema hapa, na shirika jingine lilileta yake yenye umri tofauti wa watoto. Watu wakaniuliza mimi, si wao. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. – Khatibu, kisiwa cha Pate

Shekhe wangu, methali naiheshimu, lakini chombo hiki hakiwezi kuwa na nahodha mmoja. Shirika la watoto lina kazi yake, la afya lina yake, wizara ina yake. Mrama unaingia pale wanapong'oa nanga kabla ya kukubaliana wanaelekea bandari gani.

Na wewe una haki ya kukataa kusoma. Nalisema hili nikijua wapo watakaokasirika. Karatasi mbili zenye umri tofauti zirudishe zote, waambie walete moja yenye muhuri wa idara ya afya ya kaunti. Jina linaloharibika mbele ya maamuma ni lako.

Yaliyotokea Kano, kaskazini mwa Nigeria, yanafaa kukumbukwa. Kazi ya kutokomeza polio duniani ilianza 1988 kwa ushirika wa Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Rotary na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Mashirika haya yalikuwa na fedha, mabango na matangazo. Mwaka 2003 uvumi ulienea Kano kwamba chanjo inawafanya wasichana wasizae, na viongozi wa huko wakasimamisha chanjo kwa takriban mwaka mzima. Virusi vikatoka hapo vikarudi katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuvimaliza. Mabango hayakusaidia kitu. Kilichofungua njia ni mazungumzo na masultani na maulamaa, vipimo vya chanjo walivyoshirikishwa wenyewe, na chanjo iliyotoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na polio ya virusi vya asili. Ilichukua miaka kumi na sita baada ya mgomo ule kwisha.

Viongozi wa dini wakiitwa mwishoni, kusoma tu, huwa wamefanywa vipaza sauti. Waitwe wakati karatasi bado ni tupu. Wewe ungewaambia mapema kwamba neno "walengwa" hapo Pate halina maana, na kwamba bibi wa Kibajuni akisikia "dozi nyongeza" atadhani mtoto wake hakuchanjwa vizuri mara ya kwanza. Mimi huwa nasisitiza ujumbe usomwe kwa sauti mbele ya watu kumi wa kijiji kabla haujapigwa chapa, kisha kila mmoja aulizwe: umeambiwa ufanye nini? Majibu yakiwa mawili, karatasi irudi jikoni. Na kwa jirani zetu Waaweer na Waorma, Kiswahili peke yake hakitoshi, hata kiwe kitamu namna gani.

Ninaendesha kipindi cha asubuhi. Kila nikimwalika afisa wa shirika husema, "Siwezi kuwasemea wenzangu." Nimwite nani? – Mtangazaji, Malindi

Kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ngazi ya nchi, yuko Mratibu Mkazi. Tangu Januari 2019 kazi yake imetenganishwa na ile ya kuongoza shirika la maendeleo, UNDP, ili asiwe na upande. Chini yake kuna kundi la maafisa mawasiliano wa mashirika yote. Makundi ya aina hiyo yalianzishwa 2002. Huko Nairobi basi msemaji yupo. Tatizo ni kwamba wewe uko Malindi, na saa kumi na mbili asubuhi huwezi kumngojea mtu wa Nairobi.

Waombe wa hapa wakuandalie karatasi ya maswali na majibu ya pamoja kila mwezi, iliyokubaliwa na wote, ili yeyote utakayemwita aweze kujibu yaliyomo. Yasiyomo aseme, "Hilo nitakuletea jibu kesho," na alilete.

Ila onyo la hatari ni jambo jingine kabisa. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yalitoka Sumatra, yakachukua saa nyingi kufika kwetu. Muda huo uliwatosha polisi na watu wa hoteli kuwatoa watu pwani. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Somalia ikapoteza watu wapatao mia tatu. Baadaye nchi za Bahari ya Hindi zilijenga mfumo wa onyo chini ya UNESCO, na katika kila nchi ipo mamlaka moja yenye haki ya kutoa tahadhari. Kwetu ni Idara ya Hali ya Hewa. Shirika lolote likikuletea onyo lake la bahari, hata kama ni rafiki yako wa miaka, usilisome hewani mpaka idara imelithibitisha. Kazi ya mashirika hapo ni kurudia maneno yale yale ya idara, bila kuyaremba.

Bandari imetuondoa kwenye maji tuliyovua tangu babu zetu. Mashirika ya nje hutupigia picha tukishona nyavu, lakini siku ya kusema kweli wote wako kimya. Kwa nini? – Mvuvi, Amu

Kaka, umesema kweli na sitaifunika. Mashirika mengi ya kimataifa yako hapa kwa makubaliano na serikali, na yakikaa pamoja kuandika kauli moja kuhusu jambo zito, kila moja hufuta sentensi linayoiogopa. Mwisho inabaki kauli ambayo haimkeri mtu na haimsaidii mtu. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa kusema kwa pamoja, nami nimekuwa mezani ukitokea.

Lakini tazama waliofaulu Lamu. Kesi ya LAPSSET, yaani mradi wa bandari ya Lamu na njia za usafiri zinazoiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ilifunguliwa 2012 na watu wa hapa, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa Kwasasi ulinyang'anywa leseni na mahakama ya mazingira Juni 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Save Lamu, muungano wa vikundi vya hapa hapa, ndio uliobeba mzigo. Waliotoka nje walileta wanasheria, wataalamu na milango ya magazeti ya dunia, na dai likabaki la Waamu.

Wakija tena na kamera, waulizeni mambo mawili kabla hamjakaa kupigwa picha: ni sentensi gani mtasema hadharani, na mtaisema lini? Waandike. Wakishindwa, endeleeni kushona nyavu zenu.

Picha ya mwanangu iko kwenye kalenda za mashirika matatu. Niliruhusu moja tu. – Mzazi, Witu

Ruhusa uliyotoa ni ya yule uliyempa, kwa kazi aliyokueleza. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto, na unaweza kuiondoa ridhaa hiyo. Siku hizi mashirika huweka picha zao katika ghala moja ili washirikiane, na hapo ndipo ruhusa hupotea njiani. Liandikie lile la kwanza, utaje kalenda zote tatu, utake picha itolewe ghalani na jibu lije kwa maandishi. Weka nakala. Usipojibiwa, ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data hupokea malalamiko ya raia, na ukinitumia nakala nitakusaidia kuyaandika.