Mtawala wa Hobbes hakufunga mkataba na raia

Ndugu yangu, umeuliza iwapo, kwa mujibu wa Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, raia wanaweza kumwondoa mtawala aliyevunja mkataba wake nao. Jibu ni hapana, na sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko wengi wanavyodhani: katika Leviathan, kitabu kilichochapishwa mwaka 1651, mkataba hufungwa na raia wao kwa wao, kila mmoja akimwahidi mwenzake kwamba ataiacha haki yake ya kujitawala na kumkabidhi mtu mmoja, au baraza moja, ilimradi mwenzake naye afanye vivyo hivyo. Mtawala si miongoni mwa waliopatana, kwa hiyo hana ahadi kwao anayoweza kuivunja.

Hoja hii inatisha, nakiri, lakini ikumbukwe kwamba Hobbes aliiandika akiwa uhamishoni Paris, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisambaratisha Uingereza na Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649. Aliamini kwamba pasipo mwamuzi wa mwisho, ugomvi huishia kwenye upanga.

Hata hivyo, upo upande wa pili unaosahauliwa, nao ndio unaonivutia zaidi. Hobbes anasema kwamba utii hudumu maadamu mtawala ana uwezo wa kuwalinda raia, na kwamba aliyehukumiwa kifo, hata kwa haki, ana uhuru wa kukataa kujiua na hata kuwapinga wanaokuja kumuua, kwa kuwa haki ya kuulinda uhai haikabidhiwi kwa mkataba wowote.