Kazi Yako Ikiondolewa kwa Dai la Hakimiliki

Mchoro ukishaondolewa sokoni, kishawishi cha kwanza ni kuupandisha upya kwa jina jingine. Tafadhali usifanye hivyo. Masoko mengi ya sanaa ya kidijitali hufuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA, na sheria hiyo huyataka yawe na utaratibu wa kufunga akaunti za wanaorudia kukiuka. Ukipandisha upya, dai moja ambalo pengine lilikuwa la makosa linaweza kugeuka mawili.

Soma notisi ya kuondolewa uliyotumiwa na soko. Nani amelalamika, anasema kazi yake ni ipi, na ni kiungo kipi kimeondolewa? Kisha angalia aina ya dai. Kama linahusu alama ya biashara, tuseme jina la kampuni ulilolitumia kwenye kichwa au tagi, DMCA haihusiki, na pingamizi ninaloeleza hapa (barua rasmi ya kupinga dai ili kazi irudishwe) halitakusaidia. Jibu kwa njia ambayo soko limeiweka kwa madai ya alama za biashara.

Likiwa la hakimiliki, jikague bila kujihurumia. "Nimechora kwa mkono wangu" si utetezi ikiwa uliyemchora ni mhusika wa katuni ya mtu mwingine. Kwa upande mwingine, mtindo na wazo havina hakimiliki. Mtu hawezi kukuzuia kuchora kwa rangi za maji kwa sababu tu yeye alianza. Panaponaswa wengi ni kwenye vitu vya kuazima: fonti, brashi, maumbo na picha za kununua. Leseni ya matumizi binafsi haikupi ruhusa ya kuuza, na kulipia kitu hakumaanishi umenunua haki zote.

Ushahidi wenye nguvu ni faili asili yenye leya (tabaka za mchoro) zake, michoro ya awali, video ya hatua za uchoraji, pamoja na leseni na risiti za ulivyotumia. Picha ya mwisho pekee haithibitishi kitu, maana yeyote anaweza kuipakua. Tarehe ya faili nayo hubadilika kirahisi inaponakiliwa, kwa hiyo hifadhi kazi mahali panapotunza historia ya matoleo.

Kabla ya pingamizi, mwandikie mlalamikaji kwa ufupi na adabu, umwambatishie uthibitisho, umwombe aondoe dai. Dai la makosa mara nyingi humalizika hapo.

Akikataa au akinyamaza, tuma pingamizi kwa jukwaa, yaani soko lililoondoa kazi. Lazima liwe na saini yako (ya kielektroniki inakubalika), kazi iliyoondolewa na kiungo ilipokuwa, jina, anwani na simu, pamoja na tamko kwamba unaamini kwa nia njema iliondolewa kwa makosa au kwa kufananishwa vibaya. Tamko hilo unalitoa ukijua kwamba kusema uongo ni kosa la jinai, sawa na kudanganya chini ya kiapo. Unakubali pia kupokea hati za kesi kutoka kwa mlalamikaji, na mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani; anayeishi nje ya nchi hiyo hukubali mahakama ya eneo ambako jukwaa linapatikana. Hasira, historia ya maisha na vitisho viache nje.

Hapa nasisitiza: pingamizi lako hupelekwa kwa mlalamikaji, pamoja na anwani yako ya nyumbani kama ndiyo uliyoandika. Kama una hofu ya usalama, au kazi ina thamani kubwa, muone mwanasheria kwanza.

Jukwaa likishapokea pingamizi, hurudisha kazi kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji alijulishe kwamba amefungua kesi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu usizihesabu. Muda ukipita bila kitu, liandikie jukwaa kwa njia ileile uliyotumia kutuma pingamizi, ukitaja tarehe ya pingamizi na namba ya dai. Na kazi ikirudi, hakikisha bei, tagi na mipangilio ya mauzo imerudi nayo.