Nkaissery: kwa nini Wapokot walinuna

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza mbona Wapokot walinuna Joseph Nkaissery alipoteuliwa waziri wa Usalama wa Ndani mwaka 2014, wakati huko Kisumu mlimjua kama mtu wa ODM tu, chama cha upinzani. Jibu ni Lotiriri, kama Wapokot wanavyoikumbuka operesheni ya jeshi ya 1984.

Mwaka 1984 serikali ya Moi ilipeleka jeshi West Pokot kusaka bunduki, Operesheni Nyundo. Nkaissery alikuwa miongoni mwa makamanda. Watu walikusanywa, wakapigwa, wengine wakafa. Ng'ombe wakazuiliwa, wengi wakafa kwa njaa. Na kwa mfugaji, ng'ombe akifa ni karo, mahari na chakula vimekwenda pamoja. Hapa Kitale ukikaa na mzee wa Kipokot, miaka anaihesabu kutokea Nyundo. Nkaissery mwenyewe alijitetea kwamba alikuwa askari akitekeleza amri. Sawa, lakini amri haizibi kaburi.

Mengine ni siasa ya kawaida: akastaafu jeshini akiwa Meja Jenerali, akawa mbunge wa Kajiado ya Kati 2002, kisha waziri msaidizi wa Ulinzi. Desemba 2014, siku watu 36 walipouawa kwenye machimbo ya mawe Mandera, Rais Uhuru alimtoa Lenku, waziri wa Usalama wa Ndani, akamteua yeye mahali pake. ODM iliudhika kwa kumpoteza mbunge wake, ingawa kiti chake cha ubunge iliking'ang'ania ikakipata tena kwenye uchaguzi mdogo wa 2015.

Alifariki ghafla tarehe 8 Julai 2017, mwezi mmoja kamili kabla ya uchaguzi mkuu. Huko juu Kapenguria, sikuona vilio vingi.