Fundi Anajibu: Redio ya Valvu Kuwa Amplifaya ya Gitaa

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: je, redio kuukuu ya valvu (zile chupa za kioo zilizofanya kazi ya transista) inaweza kupigiwa gitaa? Inaweza. Nusu yake ya nyuma, kuanzia kitufe cha sauti hadi spika, tayari ni amplifaya kamili. Kazi iliyobaki ni kuifanya isimdhuru mtu, kuirudishia uzima, kisha kuiongezea hatua moja ya kukuza. Tunajibu kwa mpangilio huo.

SWALI: Salaam, fundi. Nina redio ya mezani ya Marekani, nyepesi, yenye valvu 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4. Nataka kufunga jeki ya gitaa kwenye kitufe cha sauti. Nianzie wapi?

JIBU: Jeki usiifunge kwanza. Redio hiyo haina transfoma ya umeme, na wepesi wake ndio dalili. Filamenti za valvu tano zimeungwa mfululizo: volti 12.6 mara tatu, 50 na 35, jumla karibu volti 123, kwa hiyo zinapokea umeme wa Marekani moja kwa moja kutoka ukutani. Chasisi (fremu ya chuma ya redio) nayo imeungwa na waya mmoja wa umeme huohuo. Ukifunga jeki, chuma chake kinaingia kwenye chasisi, na kupitia waya wa gitaa kinafika kwenye nyuzi. Mpigaji anakuwa ameshika umeme. Mdomo wake ukigusa maikrofoni yenye ethi (waya wa ardhini), mkondo unapita mwilini.

Kugeuza plagi si kinga. Katika redio nyingi za aina hii swichi imewekwa upande wa chasisi. Ukigeuza plagi ili chasisi iwe salama redio ikiwaka, basi ukiizima tu chasisi inapata umeme kupitia mlolongo wa filamenti. Kapasita kwenye jeki pia si kinga, maana siku inapotoboka hakuna kitakachokuonya. Ziko redio ambazo hasi yake (waya wa kurudi wa saketi) imetenganishwa na chasisi kwa kapasita na rezista. Hizo nazo hatuzikubali kwa gitaa.

Dawa ni transfoma ya kutenganisha, yaani yenye mizingo miwili isiyogusana. Kama umeme wako ni volti 230, chukua ya 230 kwa 115 au 120. Jihadhari na vibadilisha volti vya wasafiri: vingi vina mzingo mmoja tu uliochomolewa katikati, havitenganishi chochote. Pima kwa mita kati ya upande wa kuingia na wa kutoka. Kusiwe na muunganiko hata kidogo. Filamenti peke yake zinakula wati 18, na redio nzima hufika wati 30 na ushee, lakini chukua transfoma ya VA (volti mara ampea) 75 hadi 100, kwa sababu 35W4, valvu inayogeuza AC kuwa DC, inavuta nusu ya wimbi tu kwa mapigo makali na transfoma ndogo itapata joto. Fyuzi iwe kwenye waya wa moto kabla ya transfoma. Baada ya kutenganisha, na si kabla, unga hasi ya saketi na chasisi, kisha chasisi na waya wa ethi wa plagi yenye nyaya tatu.

Sasa ukuzaji. Toa 12BE6 na mahali pa filamenti yake weka rezista ya 82 Ω, wati 5 (volti 12.6 gawanya kwa ampea 0.15 ni 84, nayo inatoa joto la karibu wati 2). Toa 12BA6 na tundu lake la pini 7, weka tundu la pini 9 na valvu ya 12AX7 (Ulaya huitwa ECC83). Filamenti ya 12AX7 kati ya pini 4 na 5 inataka volti 12.6 na ampea 0.15, sawasawa na iliyotoka. Panga mlolongo upya ili filamenti ya 12AX7 iwe ya mwisho kabisa upande wa chasisi, ikifuatwa na ya 12AV6. Mpangilio mwingine utakuletea mvumo usiotoka. Taa ndogo ya kioo cha masafa usiitoe. Imeungwa sambamba na kipande cha filamenti ya 35W4, na ikikatika kipande hicho kinabeba mzigo wote na valvu haitadumu. Utapata nguvu isiyofika wati 2, inayotosha chumbani na kurekodi.

Wenye redio za Ulaya, someni herufi ya kwanza ya valvu. U, kama UL84 na UY85, ni filamenti za mfululizo za milliampea 100, na hatari ni ileile. E, kama EL84, ni volti 6.3, na mara nyingi transfoma ipo. Hata hivyo msiamini herufi pekee. Chomoa redio, washa swichi yake, kisha pima kutoka kila pini ya plagi hadi chasisi. Mita ikionyesha muunganiko wowote, hiyo ni chasisi ya moto.

SWALI: Redio yangu ina transfoma: EZ80, EL84, EABC80, EF89, ECH81 na ECC85. Haijawashwa kwa miongo kadhaa. Naweza kuichomeka nisikie kama ni nzima?

JIBU: Hapana. Badilisha kwanza kapasita zote za karatasi zenye nta au lami, pamoja na za elektroliti. Za maika na za kauri ziache. Kwa elektroliti kubwa weka 47 µF, volti 450. Usidhani kwamba 220 µF itaondoa mvumo zaidi: EZ80, valvu inayogeuza AC kuwa DC, ina kikomo cha 50 µF kwenye kapasita ya kwanza, na ukizidisha, mkondo wa kujaza kapasita hiyo utaiharibu valvu. Kapasita inayokaa kati ya nyaya mbili za umeme iwe ya daraja X2; inayotoka kwenye umeme kwenda chasisi iwe Y2, au uiondoe kabisa.

Kisha tengeneza waya wenye balbu ya kawaida ya filamenti, wati 60, iliyoungwa mfululizo na redio. Chomoa EZ80, washa. Balbu inapaswa kung'aa kidogo tu. Iking'aa kikamilifu na kubaki hivyo, kuna shoti, pengine ndani ya transfoma. Acha nusu saa, zima, chomoa plagi, gusa transfoma: iwe vuguvugu, siyo ya kuchoma. Ndipo urudishe EZ80. Balbu itawaka, ififie, ing'ae tena valvu zinapoanza kuvuta, kisha itulie.

Kila unapozima, kumbuka kapasita kubwa zinabaki na volti mia kadhaa. Zimwage kwa rezista ya 100 kΩ, wati 2, kwa dakika nzima, halafu hakikisha kwa mita kabla ya kuingiza mkono.

SWALI: Tundu la gramafoni nyuma ya redio linapokea gitaa, lakini sauti ni dhaifu hata nikifungua kitufe chote. Tatizo nini?

JIBU: Tundu hilo lilitengenezwa kwa kichwa cha gramafoni cha fuwele, kinachotoa mamia ya millivolti. Gitaa likipigwa polepole hutoa millivolti 100 hivi au pungufu. EL84, valvu inayoendesha spika, inahitaji karibu volti 4.3 kwenye gridi (mlango wake wa kuingizia sauti) ili itoe wati zake 5 na kitu. Triodi ya EABC80 (sehemu yake ya kukuza) ingeweza kufikisha hapo, lakini redio nyingi zina waya wa mrejesho hasi kutoka kwenye spika unaopunguza ukuzaji huo. Kwa hiyo unahitaji hatua moja mbele: nusu ya ECC83.

Kama redio bado inapokea stesheni vizuri, tafadhali usiibomoe. Toa ECC85 ya FM tu, ihifadhi, na tumia mkondo wake wa filamenti: ilikuwa inakula ampea 0.435, ECC83 inataka 0.3. Usiichomeke ECC83 kwenye tundu la ECC85, kwa sababu filamenti zimepangwa tofauti. Kwa volti 6.3, pini 4 na 5 za ECC83 zinaungwa pamoja, na upande wa pili ni pini 9. Funga tundu jipya kwenye kipande cha bati karibu na jeki.

Vipande ni hivi. Kutoka jeki hadi chasisi, 1 MΩ. Kutoka jeki hadi gridi, 68 kΩ, ilehemiwe kwenye pini ya tundu lenyewe na si kwenye jeki, la sivyo waya unaobaki utadaka stesheni. Katodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni) ipate 1.5 kΩ sambamba na 22 µF. Anodi (sahani inayozipokea) ipate 100 kΩ. Umeme wa juu uchukue baada ya kapasita ya pili ya chujio, kupitia 10 kΩ ya wati 1 na kapasita nyingine ya 22 µF, volti 450. Kutoka anodi, kapasita ya 22 nF, volti 630, iende kwenye tundu la gramafoni kwa waya wenye ngao. Nusu ya pili ya valvu iache, gridi yake ukiiunga na chasisi. Umeme ukiwa volti 250, anodi isome kati ya 140 na 180, katodi karibu 1.5. Anodi ikisoma 250 kamili, valvu haivuti: angalia filamenti na rezista ya katodi.

Kuna jambo wengi hulisahau. Valvu za redio zikitolewa, mzigo unapungua na volti za juu zinapanda, na EL84 inabebeshwa. Chukua mfano: katodi inasoma volti 8.4 kwenye rezista ya 150 Ω. Hiyo ni milliampea 56. Ondoa 6 za skrini (gridi ya pili), anodi inabaki na 50. Kati ya anodi na katodi kuna volti 262, basi joto ni wati 13.1, wakati kikomo cha EL84 ni 12. Badilisha rezista ya katodi iwe 180 au 220 Ω, wati 2, kisha pima tena mpaka uwe kwenye wati 10 au 11. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua kama valvu itakaa au itaungua mapema.

Ukitaka sauti ikwaruze mapema, weka swichi kwenye waya wa mrejesho hasi. Ukiukata, sauti inakuwa kubwa na chafu zaidi, ukiurudisha, inasafika. Tunapendekeza swichi badala ya kuukata moja kwa moja, kwa sababu spika ndogo ya redio huchosha masikio bila mrejesho.

SWALI: Sahani ya EL84 inakuwa nyekundu baada ya dakika kumi, na sauti inakoroma. Nimeshanunua valvu nyingine, hali ni ileile.

JIBU: Zima sasa hivi, kinachofuata kuungua ni transfoma ya sauti. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita kati ya anodi ya EABC80 na gridi ya EL84. Ikivuja, volti chanya zinafika kwenye gridi na valvu inavuta bila breki. Washa kwa muda mfupi, pima pini 2 (gridi) ya EL84 hadi chasisi kwa DC. Iwe sifuri. Ikizidi nusu volti chanya, chomoa EL84 upime tena. Volti zikibaki, kapasita inavuja. Zikitoweka, valvu yenyewe ina gesi. Kama pini 2 ni safi, tazama kapasita iliyo sambamba na rezista ya katodi: ikipiga shoti, pini 3 (katodi) itasoma sifuri na valvu haina tena kizuizi.

SWALI: Naweza kuunga spika ya nje ya 8 Ω?

JIBU: Ndiyo. Transfoma iliyopangwa kwa 5,200 Ω na spika ya 5 Ω ina uwiano wa ukinzani wa 1,040 kwa 1. Ukiipa 8 Ω, EL84 itaona kama 8,300 Ω. Nguvu inapungua kidogo, hakuna kinachoungua. Kinachounguza ni kuwasha bila spika na kupiga kwa nguvu, kwa hiyo jeki ya spika iwe ile inayorudisha spika ya ndani ukichomoa plagi. Usitarajie besi nzito: nyuzi nene ya gitaa ni Hz 82, na kiini cha transfoma ya redio ni kidogo.

Spika za zamani zenye nyaya nne ni jambo jingine. Koili yake ya sumaku ni sehemu ya chujio la umeme. Ukiitoa, umeme wa juu unakatika. Lazima uweke choko (koili ya kuchuja umeme), au rezista ya wati 10 au zaidi yenye ukinzani sawa na koili.

SWALI: Redio ya betri yenye DK96, DF96, DAF96 na DL96 je?

JIBU: Iache iwe redio. DL96 inatoa wati 0.2 tu, na filamenti za milliampea 25 huungua kirahisi sana ukikosea volti.

SWALI: Nimemaliza kazi, lakini kuna mvumo. Nimebadilisha kapasita zote.

JIBU: Funga kitufe cha sauti kabisa. Mvumo ukiisha, unaingia kabla ya kitufe: waya wa jeki, au hasi ya hatua ya kwanza iliyoungwa mbali. Leta hasi ya jeki, ya katodi na ya 22 µF mahali pamoja, kisha waya mmoja hadi chasisi. Mvumo ukibaki, sikiliza uzito wake. Mzito wa Hz 50 kwenye redio yenye EZ80 unatoka kwenye filamenti: unga rezista mbili za 100 Ω kutoka kila upande wa mzingo wa volti 6.3 hadi chasisi, baada ya kuondoa muunganiko wa zamani wa upande mmoja na chasisi, na baada ya kuhakikisha kuwa hakuna tundu la valvu wala taa iliyotumia chasisi kama waya wa kurudi. Wa Hz 100, wenye mkwaruzo kidogo, unatoka kwenye chujio: hasi ya kapasita ya kwanza iende moja kwa moja kwenye waya wa kati wa mzingo wa volti za juu, isipite kwenye chasisi karibu na ECC83.