Kijana wa jirani akiumia akikufyekea nyasi, nani atajibu?

Mvua ya masika ikishika Nairobi, nyasi hufika magotini ndani ya wiki mbili, na shule nazo hufungwa Aprili hiyo hiyo. Ndipo kijana wa jirani hubisha geti, slasha begani, aulize kama kuna kazi. Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu yeye. Nimezijibu hapa kama zilivyokuja.

*Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ana miaka 15, yuko Gredi ya 9. Nataka kila Jumamosi anifyekee na kunikatia ua wa kayaba. Nitakuwa navunja sheria? – Mama, Lang'ata*

Mama, kumpa kazi si kosa. Inategemea ni kazi gani. Sheria ya Ajira ya 2007 imekataza kabisa kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomkosesha masomo. Pia mtoto haajiriwi kati ya saa 12:30 jioni na saa 12:30 asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi mchana ni sawa. Neno la kuliangalia ni hilo "nyepesi".

Kumwagilia maua, kuzoa majani, kupalilia sukuma wiki, kuosha baraza, hizo ni nyepesi. Kayaba siyo. Nenda leo uutazame mwiba wake kwa karibu: ni mrefu kama kidole, mgumu kama msumari, na tawi likikatwa vibaya hurudi usoni kama fimbo. Nimeona mkono wa kijana umevimba mpaka kiwiko kwa sababu ya mwiba mmoja uliokatikia ndani. Kazi hiyo mpe mtu mzima mwenye glavu za ngozi na miwani ya kukinga macho.

Slasha ndiyo ngumu zaidi kuijibu, kwa sababu vijana wetu wengi wameishika tangu shule ya msingi na hakuna anayeiona kuwa hatari. Lakini ni chuma chenye makali kinachopita karibu kabisa na muundi, mara mamia kwa saa moja. Ukikubali, zunguka kwanza uwanja mzima wewe mwenyewe uokote chupa, waya na mawe. Avae gambuti, asivae ndara. Mdogo wake asisimame nyuma yake kutazama. Na wewe uwe nyumbani, si sokoni Gikomba. Mashine ya kukatia nyasi usimpe. Sheria inakataza watoto wa umri huo kuhudumia mashine viwandani, na sioni kwa nini ile ya nyumbani kwako imsamehe vidole.

Akishapita miaka 16 nafasi huwa pana kidogo, ila bado ni mtoto mpaka atimize 18, na Katiba katika Kifungu cha 53 inamlinda dhidi ya kazi ya hatari au ya kunyonywa.

*Nimeandika karatasi mama yake atie sahihi, kwamba lolote likimpata mwanawe mimi sitadaiwa. Inatosha? – Mwenye nyumba, Kahawa Sukari*

Haitoshi, ndugu yangu, na nakuomba usilale ukiitegemea. Makubaliano ya watu wawili hayahalalishi kilichokatazwa na sheria. Kama kazi haimfai mtoto, sahihi ya mamake haiigeuzi ikamfaa. Sheria ya Ajira inasema mtoto akiumia au kufa kwa sababu mwajiri alikiuka masharti ya kuajiri watoto, mwajiri huyo anaweza kutozwa faini ya hadi KSh 500,000, au kufungwa hadi miezi 12, au yote mawili, na faini hiyo yaweza kupewa mtoto au jamaa zake. Kesi ya fidia ni jambo jingine tena.

Iko pia sheria ya zamani, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu wajibu wa mtu anayekalia nyumba au kiwanja. Haijali kama wewe ni mwenye nyumba au mpangaji. Inakutaka uhakikishe kwamba uliyemkaribisha yuko salama kwa kadiri inavyostahili, na imetamka wazi kwamba utarajie watoto wawe na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kisima kisichofunikwa, waya wa umeme uliochubuka nyuma ya nyumba, ukuta unaotaka kuanguka: ukivijua na usivishughulikie, huwezi kusema "lakini mamake alitia sahihi."

Hata hivyo karatasi usiitupe, ibadilishe. Andika kazi atakayofanya na ile ambayo hatafanya, saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo, na nambari ya simu ya mzazi. Uliza kama ana pumu, kama nyuki wakimuuma huwa anavimba, na kama amechanjwa pepopunda. Miaka kadhaa iliyopita, mtaani kwetu, mvulana wa miaka 14 alipandishwa kwenye mtungi wa maji uliopinduliwa ili azoe majani kwenye mfereji wa paa. Mtungi uliteleza. Nilipofika alikuwa amekaa chini ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kimya, na mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakuna mtu mzima pale aliyejua jina la baba yake wala nambari ya mama yake. Tulipoteza karibu saa nzima tukiuliza nyumba kwa nyumba kabla mama hajapatikana. Tangu siku hiyo, nambari ya mzazi ndiyo kitu cha kwanza ninachouliza.

*Kijana alikuwa akifyeka mbele ya nyumba yangu, jiwe likaruka likavunja kioo cha mbele cha gari la jirani. Jirani anataka babake kijana alipe. Ni haki? – Msomaji, Buru Buru*

Kwa maelezo yako, zungumza na jirani wewe. Kijana alikuwa kwenye kazi yako, kwa maelekezo yako. Kosa la mfanyakazi akiwa kazini humrudia aliyemweka kazini. Baba halipi kwa sababu tu ni baba. Na tafadhali, usimkate kijana malipo ya siku. Nenda kwa jirani jioni, mkubaliane bei ya kioo, muandikishane. Wakati mwingine gari lisogezwe kwanza.

*Mimi sijamwajiri mtu. Ni kibarua tu, anakuja siku moja namlipa jioni. Bima ya nini? – Baba, South C*

Mzee wangu, naheshimu swali lako kwa sababu wengi wetu tunawaza hivyo. Kibarua wa siku ni mtu aliyeajiriwa kwa siku. Sheria ya Ajira inamtambua hivyo hivyo. Kinachoangaliwa ni nani anayeelekeza kazi. Akija fundi na mashine yake na bei yake, anafanya kazi kwa namna yake kisha anaenda kwa mteja mwingine, huyo amejiajiri. Lakini kijana unayempa jembe lako, ukamwambia aanzie pale na asimame saa sita, ni wako siku hiyo.

Na akiumia, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile watu huiita WIBA, inamtwika mwajiri fidia, kumfikisha hospitali na gharama za matibabu. Inamtaka pia awe na bima, na atoe taarifa kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku saba, au saa 24 mtu akifariki. SHA ya mzazi, ile bima ya afya ya serikali, inaweza kusaidia hospitalini, lakini haikuondolei wewe wajibu.

Kama una bima ya nyumba na vyombo, ifungue uisome leo. Nyingi huwa na sehemu ya wafanyakazi wa nyumbani na sehemu ya madai ya watu wengine dhidi yako. Uliza kampuni yako maswali mawili: je, kibarua asiyetajwa kwa jina anaingia, na je, aliye chini ya miaka 18 anaingia? Majibu uyapate kwa maandishi. Ukiambiwa mtoto haingii, basi unajua kila ajali itatoka mfukoni mwako.

*Mbwa wetu alimuuma kijana anayetuzolea taka. Ni mkwaruzo mdogo. Tumpe pesa ya dawa? – Dada, Donholm*

Dada, mkwaruzo wa mbwa usiupime kwa udogo. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwende pamoja na mzazi wake. Gharama ni yenu. Mbwa afungwe kabla kijana hajaingia getini, hata kama wanajuana.

*Mwanangu wa miaka 14 hufanya vibarua kwenye nyumba kubwa wakati wa likizo. Juzi alirudi macho mekundu, nguo zinanuka dawa. Alipewa pampu ya kunyunyizia dawa ya magugu, bila barakoa. Naogopa kulalamika, watamkatiza kazi. – Mzazi, Mwiki*

Mama, wewe ndiye niliyekuwekea nafasi ya mwisho ili nikujibu bila haraka. Dawa ya magugu si kazi nyepesi kwa mtoto, hata kwa dakika kumi, hata akilipwa mara mbili. Macho yakiwa bado mekundu, mpeleke kituo cha afya leo, na umuulize jina la dawa au picha ya kibandiko, kwa kuwa daktari atalihitaji. Nguo zile fua peke yake.

Kisha nenda kwenye ile nyumba wewe mwenyewe, si kwa simu, mchana, ukiwa na mtu mzima mwenzako. Huna haja ya kugombana. Waambie: mwanangu atapalilia kwa mkono, atamwagilia, atazoa majani, pampu hataigusa. Wengine hawakujua, na watakushukuru. Wakikataa, gharama ya matibabu mna haki ya kuidai, na ofisi ya watoto ya eneo lenu itawasikiliza. Nambari 116 pia ni ya bure, kwa ajili ya watoto, na unaweza kuipiga usiku huu.

Kuhusu kumkatiza kazi: naelewa hizo shilingi ni unga na nauli. Lakini Mwiki na Kasarani pana nyumba nyingi zenye bustani. Mtembeze wewe mara ya kwanza, umtambulishe, uache nambari yako getini. Mwajiri aliyekuona uso kwa uso atafikiri mara mbili kabla ya kumpa mwanao pampu.