Kwa nini Segway ilitetemeka kwenye mteremko wa kuelekea ziwani?

SWALI

Mtaalamu, pokea salamu zangu. Hivi karibuni mimi na mke wangu tulijiunga na ziara ya Segway, ile mashine ya umeme ya magurudumu mawili inayopandwa kwa kusimama, tukiwa na kiongozi, katika mji mzuri ulio kando ya ziwa. Ziara ilianzia juu kabisa ya mji, mahali pa kutazamia mandhari, ikateremka kama mita 60 hadi ufukweni, ikapita kwenye gati la mbao, kisha ikarudi. Dakika chache baada ya kuondoka, tukiwa bado kwenye mteremko, mashine yangu ilianza kulia na usukani ukatetemeka, na kiongozi akaniamuru nisimame na kushuka. Baadaye, kwenye njia tambarare ya ufukweni, nilipojaribu kuwafikia wenzangu waliokuwa wametangulia, usukani ulinisukuma nyuma mara mbili. Mashine ya mke wangu, ambayo ilikuwa imetumika asubuhi, haikufanya lolote kati ya hayo. Yangu ndiyo kwanza ilikuwa imetolewa kwenye chaji. Mimi nina uzito wa kilo 96, mke wangu kilo 61. Je, mashine yangu ilikuwa mbovu? Na je, safari ijayo tunaweza kumchukua binti yetu wa miaka 12 mwenye uzito wa kilo 38?

JIBU

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio, kwa sababu maneno yale uliyoyapitia haraka, kwamba mashine yako ndiyo kwanza ilikuwa imetolewa kwenye chaji, ndiyo yanayofafanua sehemu kubwa ya yaliyokupata. Kwa jinsi ulivyoeleza, mashine haikuwa mbovu. Ilikupa maonyo mawili yenye sababu mbili tofauti, na yote mawili yalikuwa ya haki. Kasoro ninayoiona mimi ilikuwa katika upangaji wa ziara: mpandaji mzito alipewa mashine yenye betri iliyojaa pomoni, kisha akapelekwa moja kwa moja kwenye mteremko mrefu.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kwanza kujua mashine hii inasimamaje. Segway ya aina mliyopanda, ile yenye magurudumu mawili yaliyokaa kulia na kushoto, ilibuniwa na Dean Kamen wa Marekani na kuonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 2001. Haina breki ya kubana gurudumu, wala haina kitu cha kukanyaga au kuzungusha ili kuongeza mwendo. Chini ya jukwaa la kusimamia kuna jairoskopu 5 ndogo, yaani vifaa vinavyohisi mzunguko, na sensa 2 za mwinamo, ambazo hupima hali ya jukwaa kama mara 100 kwa sekunde na kuipasha kompyuta habari, nayo kompyuta huziamuru mota mbili, moja kwa kila gurudumu. Unapoegemea mbele, jukwaa huinama mbele, na mota huyasogeza magurudumu yakufuate yakae chini ya uzito wako, kama vile mtu aliyejikwaa anavyotanguliza mguu haraka asianguke. Kila hatua ya safari nzima ni kuanguka kunakozuiwa kabla hakujatokea.

Kuna jambo moja ambalo wapandaji wengi hawalifahamu, nami hulirudia kila ninapowafundisha viongozi wa ziara. Mashine hii haiwezi kupunguza mwendo kwa kukaza tu magurudumu, kwa sababu ikifanya hivyo mwili wako utaendelea mbele na utaangukia usukani. Inalazimika kwanza kuyatanguliza magurudumu mbele yako, yaani kwa kitambo kifupi magurudumu yaende kasi kuliko wewe, jukwaa liinamie nyuma, ndipo mwendo upungue. Kwa hiyo mota lazima ziwe na akiba ya nguvu wakati wote, hata pale unapodhani kwamba mashine imefika mwisho wa uwezo wake. Ulinzi wote uliouona siku ile unailinda akiba hiyo.

Sasa tuje kwenye mteremko. Unapopanda kilima, betri hutoa umeme na mota huusukuma uzito wako juu. Unapoteremka, mambo hugeuka: ni uzito wako unaoyazungusha magurudumu, mota zinageuka kuwa majenereta yanayoshikilia mwendo usizidi, na umeme unaozalishwa hurudi kwenye betri. Huo ni mpango mzuri sana, lakini una sharti moja, kwamba betri iwe na nafasi ya kuupokea umeme huo. Betri iliyotoka kwenye chaji haina nafasi. Ni sawa na kuendelea kumimina maji kwenye mtungi uliokwisha kujaa.

Hesabu yake si ngumu. Mashine yenyewe ina uzito wa takriban kilo 48, kwa hiyo wewe pamoja nayo mlikuwa kilo 144. Uzito huo ukishuka mita 60 huachilia nishati ya karibu kilojuli 85, yaani kama wati-saa 23 au 24. Mke wako na mashine yake walikuwa kilo 109, na nishati yao ilikuwa karibu kilojuli 64, yaani kama wati-saa 18. Sehemu ya nishati hiyo hupotea kama joto katika matairi, mota na hewa, lakini inayobaki lazima iende mahali. Betri ya mke wako ilikuwa imekwisha kutoa umeme asubuhi, hivyo iliupokea uliorudi bila tabu. Yako ilipandwa na volti hadi ikafikia kikomo. Kompyuta haikuweza kuukata tu umeme huo na kuziachia mota, kwa kuwa mota hizo hizo ndizo zilizokuwa zikikushikilia wima. Kwa hiyo ilifanya lililobaki, ikalia na kukutetemesha mikononi ili ushuke mwenyewe kabla haijafikia hatua ya kujizima kwa usalama. Kiongozi wako aliposema simama na ushuke, alifanya sawasawa kabisa, na wewe ulipomtii papo hapo ulijiepusha na anguko kwenye mteremko.

Umri wa betri nao huenda ulichangia. Utengenezaji wa aina hii ya Segway ulikomeshwa mwezi Julai 2020, kwa hiyo mashine nyingi zinazozungusha wageni leo zina miaka mingi kazini. Betri ya lithiamu inapozeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita ndani yake, huongezeka, na volti hupanda haraka zaidi kila inapopokea umeme kwa nguvu. Onyo ambalo betri mpya ingelitoa karibu na mwisho wa mteremko, betri iliyochoka hulitoa mapema. Hilo pekee halitoshi kuiita mashine mbovu, lakini fundi wa ziara ile angefanya vyema kuipima.

Dawa ya tatizo hili haihitaji kifaa chochote, na inanisikitisha kwamba waandaaji wengi wa ziara hawaitumii. Miji mingi iliyo kando ya maziwa imejengwa kwenye ardhi inayoinamia majini, kwa hiyo kila ziara itakuwa na mteremko na mwinuko. Linalobaki ni kuchagua kipi kitangulie. Ziara ikianzia ufukweni, betri zilizojaa zitatumika kwenye tambarare na kwenye kupanda, na wakati wa kuteremka utakapofika zitakuwa na nafasi ya kutosha. Kama ni lazima ianzie juu, kundi lizunguke kwanza kwenye barabara tambarare kwa kilomita moja au mbili, jambo linalofaa pia kwa wanaojifunza, na mashine zilizotumika asubuhi wapewe wapandaji wazito. Nimeyapanga hivi makundi mengi, na kilio cha mteremko wa kwanza hukoma.

Usukani kukusukuma nyuma ni jambo jingine, wala halihusiani na betri kujaa. Mwendo wa juu kabisa wa mashine hii ni kilomita 20 kwa saa, lakini kwa wageni huwekwa katika hali ya wanaojifunza, ambayo huishia karibu kilomita 10 kwa saa. Ulipotaka kuwafikia wenzako uliegemea mbele hadi ukagonga kikomo hicho, na mashine ikafanya kile nilichokieleza hapo juu: iliyatanguliza magurudumu, jukwaa likainama nyuma, na usukani ukaja kifuani kwako. Mwenye kusukumwa hivyo hapaswi kushindana nao wala kuruka chini. Alegeze magoti, arudishe uzito katikati ya nyayo, na mwendo utapungua wenyewe. Nasisitiza habari ya kutoruka kwa sababu mwaka 2006 mashine zote 23,500 zilizokuwa zimeuzwa ziliitwa zirekebishwe programu yake, baada ya kubainika kwamba mtu aliyesukumwa na kikomo cha mwendo, akashuka na kukanyaga tena jukwaa mara moja, angeweza kukuta magurudumu yakirudi nyuma kwa ghafla. Programu ilibadilishwa, lakini tabia ya kuruka na kukanyaga tena ibaki kuwa mwiko.

Kwa kuwa mlikuwa ufukweni, upepo nao unastahili kutajwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huingia kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana alasiri upepo mara nyingi huvuma kutoka ziwani. Mtu aliyesimama wima juu ya Segway hupigwa na upepo mwili mzima. Upepo wa mbele ukikusukuma nyuma, mashine huelewa kwamba unataka kupunguza mwendo, nawe ukiegemea mbele kwa nguvu ili kuushinda, kisha upepo ukakatika ghafla nyuma ya jengo au kundi la miti, utajikuta umeinama kupita ulivyotaka na mashine itachomoka mbele. Ukiwa na hiari ya kuchagua, ichague ziara ya asubuhi.

Hukulalamikia gati la mbao, lakini katika ziara nzima hapo ndipo mimi ninapopaogopa zaidi, kuliko hata mteremko. Mizania yote niliyoieleza inategemea magurudumu kushika ardhi. Mbao zilizolowa au zilizoota ukungu zikiteleza chini ya gurudumu moja, mashine hugeukia upande huo, na gurudumu likiteleza kabisa hakuna kompyuta itakayokusimamisha, kwa maana haina cha kukanyagia. Mipasuko kati ya mbao inayokwenda sambamba na njia yako ni hatari kuliko ile inayoikata njia. Kama gati ni kavu na lina reli, pita polepole, katikati, magoti yakiwa yamelegea, na usigeuke kwa ghafla. Kama limelowa au halina reli, shuka na uisukume mashine ukitembea kando yake, kwa kuwa ina hali maalumu ya kusaidia mtu anayeisukuma, au uiache mwanzoni mwa gati na uende kwa miguu. Kiongozi anayewapitisha wageni wapya juu ya gati lililolowa ili wapigwe picha, hata awe mchangamfu namna gani, simkubali.

Kuhusu binti yenu, jibu langu ni hapana, kwa sasa. Mashine hii imewekewa uzito wa mpandaji kuanzia kilo 45 hadi 118, na kile kiwango cha chini kina sababu yake. Mpandaji huiamuru mashine kwa uzito wake, hasa anapotaka kusimama. Mtoto wa kilo 38 amesimama juu ya kitu kinachomzidi uzito kwa kilo 10. Kwenye tambarare ataweza kukiendesha na pengine atakifurahia kuliko ninyi, lakini kwenye mteremko anaweza kuegemea nyuma kwa uwezo wake wote na bado uzito wake usitoshe kuliinamisha jukwaa kwa haraka inayohitajika. Mzazi asikubali pia shauri la kumsimamisha mtoto mbele yake kwenye jukwaa moja. Usukani ukirudi nyuma kama ulivyokurudia wewe, mtoto atakuwa amebanwa kati yake na mwili wako, na wewe hutakuwa na nafasi ya kurudisha uzito. Msubirini afikishe kilo 45, kisha mkaangalie sheria ya mahali mnapokwenda, kwa kuwa umri unaoruhusiwa na njia zinazoruhusiwa hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Mtakapojiandikisha tena, utaje uzito wako mapema bila kuona haya, na uulize mambo matatu: ziara inaanzia juu au chini, betri za mashine zilibadilishwa lini, na mafunzo kabla ya kuondoka yatachukua muda gani. Wakikuambia kwamba mafunzo ni ya dakika mbili au tatu, tafuta ziara nyingine. Siku yenyewe, kama mnaanzia juu, mwombe kiongozi akupe mashine iliyokwisha kuzunguka asubuhi, na ile iliyotoka kwenye chaji ampe mke wako, baada ya kuizungusha kwanza kwenye tambarare.